Kauli ya Msibani

Mwanamvua Kondo alikuwa amelala ndani ya kaburi, amejikunyata kwa ubavu, koti la marehemu amelivaa nyuma mbele, na alikuwa amegoma kutoka. Jeneza lilikuwa mabegani mwa wanaume, jua linawaka, na yeye anapiga miayo kama mtu aliyekodi chumba.

"Simpishi mtu," alisema kutoka shimoni. "Huyu mzee amekufa hajanipa kuku wangu. Tutalala wote humu mpaka nilipwe."

Waombolezaji walicheka, wengine machozi yangali mashavuni. Ndivyo msiba wa Mnyamwezi unavyotakiwa kuwa pale mtani wake Mzaramo anapokuwepo. Watani ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaopika, na ndio wenye ruhusa ya kumtukana kila mtu, marehemu akiwa wa kwanza. Utani huu ulianza zamani za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakibeba mizigo hadi pwani, na ulikuwa umedumu kuliko serikali zote zilizopita juu yake. Kisha bahari ikapanda ikala Pwani, nchi ikagawanyika, ikawepo Jamhuri ya Bara yenye mpaka wake na askari wake. Wazaramo walioingia mji wa Igunguli kwa miguu waliandikishwa kuwa waomba hifadhi, wakapewa mahema na nambari, wakaambiwa wasubiri. Utani haukuandikishwa popote, lakini ulikuja nao.

Nyamizi Kapela, mpwa wa marehemu, alikuwa amesimama ukingoni mwa kaburi. Kwa miaka mingi alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa asali, na sasa alikuwa anagombea ugavana wa jimbo. Alimpenda sana mjomba wake, na tangu alfajiri alikuwa hajaweza kulia. Kelele za Mwanamvua ndizo zilizomfungua kifua. Basi akamjibu, maana mtani akikurushia neno ukakaa kimya, umemdharau.

"Endelea kulala, mcheza ngoma wewe," alisema. "Siku nitakayoapishwa, kabla jua halijazama, nyote nawapakia kwenye malori, nawarudisha baharini kwenu mkale papa."

Watu walicheka hadi wabeba jeneza wakayumba. Mwanamvua akainuka akijipangusa udongo, akauliza huyu mla michembe, viazi vikavu vya kwao, ameijulia wapi njia ya baharini, wakati babu zake walikuwa wakifika huko wameinama chini ya mizigo hawaoni mbele. Akapewa kuku wake. Mzee akazikwa vizuri, na Nyamizi akalia mpaka akatosheka.

Shingoni mwake, chini ya kanga ya msiba, ushanga mmoja ulikuwa umewaka kijani. Hakuna aliyeuona.

*

Kila mgombea katika Jamhuri ya Bara huvaa Ushanga tangu anapoteuliwa hadi gavana anapoapishwa. Ni kidude cha ukubwa wa punje ya hindi, kimefungwa kwa uzi usiokatika. Kinasikiliza mifupa ya koo la anayekivaa, na sauti ya mtu mwingine hakina habari nayo. Mgombea akisema yeye atafanya au hatafanya jambo fulani siku fulani, Ushanga huwaka kijani, na maneno yale yanakuwa kauli. Akishinda, kauli zake zote hupelekwa kwa Mkono, mtambo wa serikali ambao hausubiri saini ya mtu. Mkono ndio unaoagiza saruji, ndio unaotoa fedha, ndio unaoamuru magari. Gavana akiwa aliahidi kisima cha mwezi wa tano, basi mwezi wa tano watu wanachota maji.

Ndiyo maana katika mikutano ya kampeni watu wa Bara hawapigi makofi mapema. Wanaangalia shingo kwanza. Mgombea akianza kuzungukazunguka na maneno matamu yasiyo na tarehe, wanaimba, "Tuone kijani, tuone kijani," mpaka aseme kitu cha maana au ashuke jukwaani. Wanaupenda utaratibu huu, na wana haki ya kuupenda, maana barabara zao zinapitika.

Asubuhi iliyofuata mazishi, Msabila alikuja nyumbani kwa Nyamizi. Msabila alikuwa mtoto wa marehemu, na pia meneja wa kampeni. Alipaswa kuwa amekaa mkekani na wafiwa wenzake, lakini alifika kichwa kimenyolewa, simu mkononi, na uso usioeleweka kama unalia au unacheka.

"Dada, kura za maoni umepanda," alisema. "Umempita Mayengo."

Nyamizi aliangalia ile simu, akaona kauli yake mwenyewe imeandikwa kwa herufi za serikali, chini ya ile ya zahanati na ile ya mizinga ya nyuki kwa vijana: *Waomba hifadhi wote wa Igunguli kupakiwa kwenye malori na kurudishwa baharini, siku ya kuapishwa, kabla ya machweo.* Hata papa walikuwemo, kwenye maelezo ya ziada. Kwanza alicheka. Kisha akaona kura za maoni zilivyoruka usiku ule, akaacha kucheka.

Alikwenda mwenyewe ofisi ya Tume ya Kauli. Mhandisi wa zamu, binti mmoja mpole aliyeitwa Kabula, alimpa kiti na chai kabla ya kumwambia habari mbaya. Zamani, alieleza, Ushanga ulijua kutofautisha mzaha. Uliusikia mtikisiko wa kicheko kooni, ukaipuuza sentensi yote. Haukupita uchaguzi mmoja, wagombea wakaijua siri. Wakawa wanaahidi madaraja huku wakichekacheka, na wakishashinda wanasema walikuwa wanatania. Mwanasiasa mmoja aliahidi hospitali tatu huku akijitekenya kwapani. Ndipo wahandisi wakaukata ule mshipa wa kicheko, na tangu hapo utani si utetezi.

"Lakini huu ni utani wenyewe, mwanangu," Nyamizi alisema. "Utani wa watani. Na wewe ni wa huku, unaujua."

Kabula alikiri kwamba anaujua, na kwamba bibi yake mwenyewe alizikwa na watani. Wenzake walioutengeneza Ushanga walijua pia. Ila hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba mgombea atakwenda msibani nao shingoni. Walifikiria majukwaa, walifikiria redio, walifikiria hata vyumba vya kulala, wakasahau makaburi.

Njia ya kutoka ilikuwepo, na ilikuwa moja. Kabla kampeni hazijafungwa, mgombea anaweza kuitengua kauli yake. Sharti asimame mbele ya wapiga kura, aseme kinyume chake kwa maneno ya wazi, na hicho kinyume nacho kinakuwa kauli. Hawezi kufuta akaacha patupu. Kabula alisema hayo huku akitazama kikombe chake, kwa sababu mhandisi wa Tume haruhusiwi kumshauri mgombea.

*

Hofu ya watu wa Igunguli haikuwa ya kubuni. Kiangazi bwawa lilikuwa linapungua hadi matope, na kambi ilikunywa kutoka bwawa lilelile. Mashambani mwa tumbaku, wenye mashamba walikuwa wakiwachukua wa kambini kwa ujira mdogo, na vijana wa mjini wanabaki wamekaa vibarazani. Mpinzani wa Nyamizi, Bwana Mayengo, aliijua hofu hiyo vizuri. Kila alipoulizwa kuhusu kambi alisema suala hilo lina uzito wake na litatazamwa kwa jicho pana, huku akiwakonyeza waliokaa mbele. Ushanga wake ulikuwa umelala doro. Watu walitafsiri konyezo kila mtu kivyake.

Sasa akatokea mgombea mwenye kijani juu ya jambo lile ambalo mwenzake analikonyezea. Viwanja vikajaa. Wakulima waliokuwa hawamjui Nyamizi walimshika mkono wakamwita mama mwenye msimamo. Alipopita na gari la kampeni, wanawake walitoka jikoni na miko mikononi. Lazima isemwe kwamba ilimpendeza. Alikuwa amepanda majukwaa kueleza habari za nyuki na zahanati kwa watu wachache wanaosinzia, na sasa maelfu walikuwa wanalitaja jina lake kabla hajafungua mdomo. Aliongea juu ya zahanati tu. Habari ya kambi hakuigusa, na hakuna aliyemwomba airudie, kwa kuwa kijani kikishawaka hakina haja ya kurudiwa.

Alijiambia anatafuta wakati mzuri wa kuitengua. Kila siku ilipoisha, wakati mzuri ulikuwa ni kesho.

Msabila alikuja na mpango wake mchana mmoja, wakiwa wamekaa ghalani kwa ushirika, harufu ya nta imewazunguka. Alimwomba asitie neno lolote, asikilize tu.

Malori yote ya jimbo, alisema, ni ya chama cha wakulima wa tumbaku. Siku ya kuapishwa, chama kitayakodisha yote yapeleke mzigo nje ya mpaka. Mkono utaamuru malori, hautayapata. Jua litazama. Mkono utaandika kwamba kauli imeshindikana kwa kukosa vyombo, na sheria haina adhabu kwa hilo. Watu wa kambini hawataguswa hata unywele. Baada ya hapo yeye ni gavana, ana miaka mitano, atawapa hifadhi polepole bila kelele.

"Ukiitengua, unashindwa," alisema Msabila. "Ukishindwa, anaingia Mayengo. Wewe unadhani Mayengo anawakonyeza wale watu kwa sababu gani? Uongo wako unawaokoa, dada. Ukweli wako unawapeleka kubaya."

Nyamizi alifungua mdomo, akaufunga. Akitamka neno moja juu ya malori, Ushanga utawaka na mpango umekwisha. Kwa hiyo alifanya kile ambacho wagombea wengi wa Bara wamekifanya kabla yake, akatikisa kichwa juu na chini. Ushanga hausikii kichwa kikitikiswa.

Usingizi wa usiku ule ulikuwa mtamu. Mpango ulikuwa mzuri, na kila alipougeuza hakumwona mtu aliyeumia ndani yake.

*

Alikwenda kambini kwa sababu ya desturi tu. Matanga yalikuwa yameanuliwa, na wafiwa hupeleka shukrani kwa watani waliozika. Alichukua ndoo ya asali, akaenda bila wapambe.

Alikuta kambi imebadilika sura. Mbele ya mahema palikuwa na mafurushi. Magodoro yalikuwa yamekunjwa na kufungwa kamba, masufuria yamepangwa moja ndani ya jingine. Bustani za mchicha walizokuwa wakizilinda dhidi ya ng'ombe wa jirani zilikuwa zimeng'olewa zote, hata miche. Mwanamke mmoja alikuwa anamshonea mtoto wake jina na nambari ndani ya ukosi wa shati, ili wakitenganishwa kwenye malori ajulikane ni wa nani. Alimwona Nyamizi, akamtambua, akainamia sindano yake tena.

Mwanamvua alikuwa jikoni, penye masufuria makubwa ya kambi, anakoroga. Nyamizi aliweka ndoo chini, akasubiri kutukanwa. Alikuwa na hamu ya kutukanwa.

"Karibu, Mheshimiwa," alisema Mwanamvua.

Akamvutia kiti, akakifuta kwa upindo wa kanga. Akamuuliza hali ya wafiwa, kwa upole na kwa ukamilifu, kama mtu anavyomuuliza mkubwa wa serikali. Neno lile la Mheshimiwa lilimwingia Nyamizi kama maji baridi mgongoni. Tangu watu hawa wafike Igunguli hakuna Mzaramo aliyewahi kumwita hivyo, na hakujua kama kuna kitu kinauma namna ile.

"Mtani, mbona hivyo?"

"Mtani hutaniwa akiwa anajua anataniwa," Mwanamvua alisema. "Mimi pale kaburini nilicheka kwa sababu nilijua. Sasa nasikia redioni watu wanashangilia, na wewe upo hapo unawapungia mkono. Nimesema labda mimi ndiye niliyekosea, labda nilicheka lisilochekwa."

Aliacha kukoroga, akamgeukia.

"Niambie tu si kweli. Huna haja ya kunieleza mengine. Niwaambie watu wafungue mizigo."

Nyamizi alijua angeweza kumwambia kwa sentensi fupi kabisa. Alijua pia kwamba sentensi hiyo, hapa jikoni mbele ya watu wasiopiga kura, ingewaka kijani bila kuitengua ile ya kwanza, na kauli mbili zinazogombana zingemleta Kabula na Tume nzima mlangoni. Hata kumnong'oneza haiwezekani. Hata kumtuma Msabila amnong'oneze haiwezekani, kwa kuwa siri ya watu elfu nne si siri, na mpango wote ungejulikana mjini kabla ya jioni. Ili mpango ule usiomuumiza mtu ufanikiwe, ilibidi watu hawa wote waendelee kushona majina kwenye kosi mpaka siku ya kuapishwa, wakiamini.

Alikaa kimya. Mwanamvua alimsubiri kwa muda wa haki, kisha akamshukuru kwa asali, akarudi kwenye sufuria lake.

Nyamizi alirudi mjini kwa miguu. Aliona aibu, na haikuwa aibu ambayo sababu zingeweza kuificha. Msabila alikuwa sahihi kuhusu malori, sahihi kuhusu kura, na pengine sahihi kuhusu Mayengo. Na bado yeye alikuwa amemtazama mtu usoni, mtu aliyemzika mjomba wake, akamwacha na hofu ambayo neno moja lingeiondoa. Akifika kwenye ugavana kwa mguu huo, alijiuliza, ni watu gani wengine atakaowanyamazia, akisema ni kwa faida yao?

*

Mkutano wake wa mwisho ulikuwa Ijumaa, kwenye uwanja wa mnada wa tumbaku. Msabila alipomwona anapanda jukwaani bila karatasi, alijua. Hakumzuia. Alikaa kwenye ngazi, akashika kichwa chake kilichonyolewa.

Nyamizi alisalimia, akatoa kanga shingoni ili Ushanga uonekane.

"Nilisema maneno msibani," alianza. "Nilikuwa namtania mtani wangu, Mzaramo, kama bibi zenu walivyowatania bibi zao. Ushanga ukayachukua. Nilijua siku ya pili yake. Nimekaa nayo mpaka leo kwa sababu mlikuwa mnanishangilia na mimi nilikuwa nafurahi. Hilo la kunyamaza ni langu, halimhusu mtambo wala Mzaramo."

Aliendelea.

"Sitawarudisha watu baharini. Siku nitakayoapishwa, kabla jua halijazama, nitawapa vyeti vya ukaazi, wote walioko Igunguli."

Kijani kikawaka. Kwa mwanga wa saa kumi hakikuonekana sana, lakini waliokaa mbele walikiona na wakapeleka habari nyuma.

Mzee mmoja mwenye shamba aliomba kuuliza. Aliuliza kuhusu bwawa. Pale mgombea mwingine yeyote angesema maji yatatosha. Nyamizi alisema hayatatosha, kiangazi cha mwaka huu ndoo zitakuwa za kugombania, na kisima kipya anachoweza kukiahidi hakitakamilika kabla ya mwaka ujao, mwezi wa tisa. Kijani kikawaka tena, safari hii kwa ahadi ambayo hakuna aliyeitaka. Kijana mmoja akauliza habari ya ujira. Akajibiwa kwamba mtu mwenye cheti hawezi kulipwa nusu ya ujira, kwa hiyo mwenye shamba hatakuwa na sababu ya kumpita wa mjini. Yule kijana alifikiri, akakaa chini.

Watu walianza kuondoka. Hawakuzomea. Watu wa Igunguli ni waungwana wakikasirika. Mwanamume mmoja alivua fulana ya kampeni yenye uso wa Nyamizi, akaikunja vizuri kama anayerudisha nguo ya kuazima, akaiweka juu ya kiti, akaenda zake kifua wazi. Wengine wakamfuata. Mpaka mwisho wa mkutano viti vilikuwa na Nyamizi wengi waliokunjwa. Hata hivyo nusu ya watu walibaki, na wanawake wazee wa mstari wa mbele walikuwa wanakumbushana kwa sauti misiba ya zamani, Mzaramo gani alilala kwenye kaburi la nani.

Aliposhuka, Msabila alimwambia wameshindwa. Nyamizi alisema anajua. Kisha wakaenda kula, kwa kuwa njaa ilikuwa inauma, na yeye akala kwa hamu ambayo hakuwa nayo tangu mazishi.

Kambini walikuwa wamesikiliza redio. Asubuhi yake mtoto alileta ndoo ya asali, tupu, imeoshwa, na ujumbe wa Mwanamvua kwamba mla michembe gani huyu anayetoa asali nusu ndoo, au nyingine ameila njiani. Nyamizi alisoma ujumbe ule mara nyingi kuliko ulivyostahili.

*

Mayengo alifunga kampeni zake Jumamosi, na redio ilirusha mkutano wote. Nyamizi na Msabila walimsikiliza ghalani, wakila mihogo.

Ulikuwa ni mkutano wa kushangilia ushindi. Waliomkimbia Nyamizi walikuwa wamehamia huko, na Mayengo alikuwa na sauti ya mtu aliyeshiba. Akataja barabara, kijani. Akataja mbegu, kijani. Kisha mwanamke mmoja, kwa sauti ya mtu asiyependa kuongea hadharani, akauliza kuhusu kambi. Mama Nyamizi amesema lake, likajulikana, wengine wakalikubali na wengine wakalikataa. Na wewe je?

Mayengo akasema suala lile lina uzito wake.

"Tuone kijani," alisema yule mwanamke.

Mayengo akasema litatazamwa kwa jicho pana. Wengine wakaanza kuimba naye. Siku zote walikuwa wamemwacha apite na konyezo lake, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaonyesha kwamba swali lile lina jibu. Sasa walikuwa wameliona jibu kwenye shingo ya mwenzake, hata wale wasiolipenda, na konyezo likawa dogo kwao. Wimbo ulikua mpaka redio ikakwaruza.

Msabila aliacha kutafuna. Alikuwa anaijua hesabu ambayo Mayengo anaipiga pale jukwaani, kwa kuwa yeye mwenyewe angeipiga vilevile. Waliomkimbia Nyamizi walikuwa wameshamkimbia, hawana pengine pa kwenda, wako mfukoni. Wa kutafutwa ni wale nusu waliobaki vitini Ijumaa.

"Siku ya kuapishwa," Mayengo alisema polepole, "nitawapa vyeti vya ukaazi. Wote walioko Igunguli. Hakuna atakayehamishwa."

Mtangazaji akapiga kelele kwamba ni kijani.

Msabila alitupa kipande cha muhogo ukutani. "Ametuibia kauli," alisema. "Ameiba neno kwa neno."

Nyamizi alikuwa anacheka. Alicheka kwa furaha ya kweli, na ndani yake mlikuwa na maumivu ya kweli pia, kwa kuwa alitamani sana kuwa gavana na sasa alijua hatakuwa. Alimwambia Msabila amwache aibe.

Siku ya kura alijipigia mwenyewe, maana hakuwa malaika. Mayengo alishinda kwa kura zisizofika elfu.

Sheria inataka aliyeshindwa ahudhurie kuapishwa kwa mwenzake, na wavuliwe Ushanga pamoja. Kabula ndiye aliyekata nyuzi, kwa mkasi wake maalumu, kwanza wa Mayengo, kisha wa Nyamizi. Kwenye skrini ya ukutani Mkono ulikuwa tayari unatoa amri zake moja baada ya nyingine. Barabara. Mbegu. Kisha ikatokea ya kambi, na wakati uleule, upande wa pili wa mji, mashine zikaanza kuchapa vyeti. Kelele za kambini zilisikika mpaka ukumbini, pamoja na ngoma, na wageni wa heshima wakatazamana.

Mayengo alikuja kumpa mkono. Alikuwa anajisugua shingo pale Ushanga ulipokuwa. Akamsogelea sikioni, ili waandishi wasisikie.

"Nataka nikwambie kitu, dada, sasa hakuna anayesikiliza," alisema. "Ningewahamisha. Nilishapanga mahali. Usingesema ile Ijumaa, ningewahamisha."

Nyamizi alimtazama. Hakuwa mtu mbaya kuliko wengine, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyechoka kukonyeza.

"Na mimi nilikaribia kunyamaza," alimwambia.

Wakashikana mikono kwa muda mrefu kidogo kuliko itifaki inavyotaka. Kisha gavana akaitwa kwenda kupiga picha, na Nyamizi akatoka nje kumtafuta Msabila waende kambini, kabla chakula hakijaisha.